Mtamba wa Maktaba ya Malolwa

Sogeeni, sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni amua moja, ndani au nje. Nina ng'ombe mmoja wa kutoa na watu watatu wa kumpa, na sitaki mtu aje aniambie baadaye kwamba hakusikia vizuri. Mpo? Haya, mkiniitikia kwa moyo namna hiyo naweza kuendelea.

Palikuwa na chuo cha mifugo mahali panapoitwa Malolwa, nchi ya uwanda, yenye upepo wa kupasua midomo na ng'ombe wengi kuliko watu. Chuo kilikuwa na maktaba, na maktaba ilikuwa na mkuu wake, Bi Foibe Malecha, mama wa maneno machache aliyependa kila jambo liende kwa barua na muhuri. Chini yake walifanya kazi watu watatu. Hao watatu ndio hadithi yenyewe, lakini simameni nyuma ya bega la Bi Foibe muwatazame kutoka hapo, maana yeye ndiye aliyeachiwa kamba mkononi.

Wa kwanza aliitwa Yoeli Mbogoni, mtu wa kaunta. Kipaji chake kilikuwa masikio. Mimi na wewe tunasikia tu. Yoeli alikuwa anasikiliza. Mtu akija na lalamiko, Yoeli aliacha alichokuwa anafanya, akamsikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akaandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi: jina la mtu, simu yake, alichokitafuta, na siku aliyokikosa. Wanafunzi walikuwa wanasema Yoeli anaandika hata chafya.

Wa pili ni Sikitu Mgaya, wa kompyuta. Kipaji chake kilikuwa uvivu. Msinitolee macho, upo uvivu wa heri! Sikitu alikuwa hawezi kufanya jambo lilelile mara nne. Mara ya kwanza atafanya, ya pili atafanya huku ananuna, ya tatu anakuna kichwa, na ya nne utakuta ameshaielekeza mashine ifanye badala yake.

Wa tatu ni Mzee Athanasi Njiku, aliyetunza katalogi ya maktaba ile miaka thelathini na mmoja. Kipaji chake kilikuwa kutosahau na kutotupa. Huko nyuma, kabla ya kompyuta, kila kitabu na kila jarida lilikuwa na kadi yake ndani ya droo za mbao. Kompyuta zilipokuja, Bi Foibe alimwandikia barua tatu kwamba droo zile zichomwe zipishe nafasi. Kila barua Mzee Njiku aliijibu kwa heshima zote, na droo hazikusogea hata kidole.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Katalogi ni orodha iliyo kwenye kompyuta, inayokwambia maktaba ina nini na kiko wapi. Malolwa walikuwa na majarida ya mtandaoni elfu nne na ushei. Haya hayakai rafuni. Yanakaa kwa wachapishaji huko mbali, na katalogi inakuwekea linki tu, ukiibonyeza unaingia. Tabu ni kwamba wachapishaji hawatulii. Mwezi huu jarida liko kwa huyu, mwezi ujao limehamia kwa yule. Mwaka jana uliruhusiwa kusoma tangu toleo la kwanza, mwaka huu wamefunga huko nyuma wakakuachia miaka mitano. Na kila jarida likihama, lazima mtu akae, afungue rekodi yake kwenye katalogi, afute linki ya zamani, aweke mpya, arekebishe na miaka. Mzee Njiku alikuwa anarekebisha arobaini kwa siku, tena siku ambayo umeme umetulia. Akifika mwisho wa orodha, mwanzo wake umeshaharibika tena.

Wasomaji wakachoka. Mmoja wao alikuwa Daktari Lukuba, daktari wa mifugo wa tarafa. Alikuja mwezi wa kwanza, mvua zilipokuwa zimeanza, akitafuta habari za ugonjwa wa ajabu: ng'ombe anayumba, anapofuka macho, siku ya tatu anaanguka. Akaliona jarida kwenye katalogi, akabonyeza, likakataa. Akabonyeza tena, likakataa. Alimwambia Yoeli kwamba hatachoma tena mafuta ya pikipiki yake kuja kutazama milango iliyofungwa, akaondoka. Yoeli akaandika.

Haya, Yoeli alifanya nini? Alikusanya malalamiko ya miezi kumi na moja, siku moja akaliweka lile daftari mezani kwa Bi Foibe. Bi Foibe mwenyewe anakiri kwamba nusura amrudishie bila kulifungua, maana alidhani ni umbea wa kaunta. Yoeli akamwomba amtazamie kurasa mbili tu. "Mama, haya majarida hayafi moja moja," akasema. "Yanakufa kwa ukoo, na yanakufa wiki ya kwanza ya mwezi." Kweli bwana, Bi Foibe akakagua, akakuta yote yaliyokataa wiki moja yalikuwa ya mchapishaji mmoja. Miaka yote hiyo walikuwa wanafukuzana na jarida moja moja, kumbe dawa ni kuifuata orodha ya mchapishaji na kuilinganisha na yao. Wasomi wa maktaba nzima hawakuliona hilo. Aliliona mtu wa kaunta aliyeajiriwa kwanza kufagia. Bi Foibe alimwita Sikitu mchana uleule.

Na Sikitu alifanya nini? Alijifungia wiki tisa, akaandika programu. Kila jarida duniani lina namba yake ya tarakimu nane. Likihama, namba inabaki palepale, kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Programu ya Sikitu ilikuwa inaamka kila Jumatatu kabla mlango wa maktaba haujafunguliwa. Inakwenda kwa wachapishaji, inachukua orodha zao mpya, inalinganisha namba kwa namba. Jarida lililohama, inabadilisha linki. Lililobadilishiwa miaka, inarekebisha. Lililoongezwa, inaliandikia rekodi. Lililoondolewa, inafuta. Jumatatu ya kwanza walisimama wote nyuma ya kiti chake. Kazi ya miezi mitano ya Mzee Njiku iliisha kwa dakika thelathini na nane. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bi Foibe alisema moyoni kwamba tangu aingie jengo lile hajaona kitu kizuri kama hicho, na alitamani kumkumbatia binti yule, ila alikuwa na muhuri mkononi.

Wangeishia hapo ningempa Sikitu ng'ombe, tukaenda zetu. Lakini siku ya tatu mwanafunzi mmoja alimwomba Mzee Njiku toleo la zamani la jarida fulani. Mzee akatafuta kwenye katalogi, hakuna. Akaenda rafuni, akalikuta limekaa mahali pake na vumbi lake. Akarudi kwenye katalogi, hakuna.

Mambo yalikuwa hivi. Maktaba nyingine jarida la mtandaoni huandikiwa rekodi yake, na matoleo ya karatasi yaliyo rafuni huandikiwa yake. Malolwa sivyo. Mzee Njiku alikuwa na kanuni aliyoianzisha mwenyewe: jarida moja, rekodi moja, hata kama limevaa kanzu mbili. Wasomaji walikuwa wanaipenda, maana wanaona kila kitu pamoja. Lakini programu haikuijua. Ilipoona wachapishaji wameondoa jarida, ilifuta rekodi nzima, linki na rafu kwa pamoja. Majarida mia mbili na kumi na mawili yalibaki rafuni bila mtu wa kujua kwamba yapo. Mnauliza nakala ya akiba? Sikitu aliiweka, lakini aliipanga ijiandike upya kila asubuhi juu ya ile ya jana, na asubuhi tatu zilikuwa zimepita. Tena yeye alitaka kuijaribu programu yake kwanza kwenye majarida mia tu. Aliyemharakisha ni Bi Foibe, kwa sababu wageni wa bodi walikuwa wanakuja wiki ile, akamwambia awashe yote.

Sikitu alilia, nisiwafiche. Bi Foibe alishindwa kumgombeza, akijua neno lake mwenyewe ndilo lililomsukuma.

Ndipo tuulize, Mzee Njiku alifanya nini? Hakusema "niliwaambia." Jungu kuu halikosi ukoko: alikwenda kwenye zile droo zilizoandikiwa barua tatu, akavuta ya kwanza. Kila jarida la rafuni lilikuwa na kadi yake humo, kwa mwandiko wake. Siku kumi na tisa mzee yule alikaa mbele ya kompyuta akiandika kwa vidole viwili, kadi baada ya kadi, mpaka mia mbili na kumi na mawili yote yakarudi. Alipomaliza alivuta kiti karibu na Sikitu. "Mashine yako ni nzuri, haina adabu tu," akamwambia. "Kabla haijafuta iulize, una rafu? Ikijibiwa ninayo, iondoe linki peke yake, ivue viatu, itoke taratibu." Sikitu akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaiandika kanuni ile ndani ya programu, na tangu hapo haikufuta tena kitu kilichokuwa na mahali rafuni.

Kuanzia siku ile watatu wale wakawa watu wa chupa moja ya chai. Saa nne kamili utawakuta kwenye meza ya nyuma: Sikitu analeta orodha ya yaliyofunguka Jumatatu ile, Yoeli analinganisha na daftari lake, Mzee Njiku anakagua rekodi zenye wasiwasi huku anachovya kitumbua. Kisha Yoeli anashika simu, anampigia kila aliyewahi kurudi mikono mitupu. Bi Foibe alikuwa anawatazama kupitia kioo cha ofisi yake na kujiambia kwamba kama kuna kitu amekijenga katika maisha yake, ni meza ile.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaja, na ule ugonjwa ukarudi. Safari hii uliingia kwenye zizi la chama cha wafugaji wa Malolwa. Ng'ombe wakaanza kuyumba, wakapofuka, wakaanguka. Kufikia Jumatatu walikuwa wamekufa thelathini na mmoja, na waliobaki walikuwa zaidi ya mia sita. Daktari Lukuba alikuwa amewachoma sindano za kila namna, hakuna kitu. Akiwa amechuchumaa pembeni ya mzoga, simu ikaita. Alikuwa Yoeli, akimwambia kwamba lile jarida alilolikosa mwezi wa kwanza limehamia kwa mchapishaji mwingine, na tangu asubuhi ile linafunguka.

Daktari alipanda pikipiki. Akafika, akabonyeza, likafunguka. Makala ilieleza ugonjwa uleule, kuyumba na kupofuka, ikasema ni sumu ya mmea unaochipua mvua za kwanza. Lakini ilisema pia kwamba picha ya mmea na namna ya kuwaokoa wanyama zimo kwenye jarida la zamani la mwaka 1964. Akalitafuta hilo kwenye katalogi. Rekodi ipo, rafu ya chini kabisa, pembeni ya dirisha. Lilikuwa moja ya yale mia mbili na kumi na mawili. Mzee Njiku alilishusha kwa mikono yake, wakafungua, mmea ukawa mbele yao umechorwa majani na mizizi. Wafugaji walipoonyeshwa mchoro hawakuuliza mara mbili. Bonde lao zima la malisho lilikuwa limeota mmea ule. Mifugo ikahamishwa siku hiyohiyo, wagonjwa wakanyweshwa mkaa uliosagwa kama jarida lilivyoagiza, na hakufa ng'ombe mwingine hata mmoja.

Jumatano ya wiki iliyofuata mwenyekiti wa chama, Mzee Gidahasi, alikuja maktabani akiongoza mtamba. Jamani, mtamba! Wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mgongo umenyooka, bado mwaka azae. Akamfunga kwenye mlingoti wa bendera, akasema chama kinamtoa kwa aliyefungua mlango. Kwa desturi ya chama chao mtamba wa shukrani hauzwi, hagawiwi, na hupewa mtu mmoja anayetajwa mbele ya watu na kupigwa chapa ya jina lake. Jina litajwe Jumamosi. Lisipotajwa, mtamba atarudi zizini, nao watajua shukrani yao imekataliwa.

Bi Foibe akajaribu kuuliza kama chama kingeweza kuipa maktaba yenyewe. Mzee Gidahasi akamjibu kwamba maktaba haina zizi. Bi Foibe akasema basi apewe wote watatu, kwa kuwa figa moja haliinjiki chungu.

"Chungu kina mafiga matatu, mama," akajibu mzee. "Ng'ombe ana kamba moja."

Siku ya Alhamisi chupa ya chai ilikaa mezani mpaka ikapoa. Yoeli alikunywa kaunta, Sikitu kwenye kompyuta, na Mzee Njiku alisema hana kiu. Hapo Bi Foibe akaingiwa na hofu ya kweli. Akamwita mmoja mmoja, awasikilize kama Yoeli anavyosikiliza watu.

Yoeli hakuficha. Alisema baba yake alikuwa na ng'ombe arobaini, wakafa kwa ukame wote katika mwaka mmoja, ndiyo maana yeye akaja chuoni kufagia maktaba. Alisema pia kwamba kabla ya daftari lake hakuna aliyejua majarida yanakufa kwa ukoo, na programu isingejua pa kuanzia. Tena siku ile ng'ombe wanaanguka, kompyuta haikumpigia daktari simu. Aliyepiga ni yeye.

Sikitu alisema kwao mitamba hupewa watoto wa kiume, na yeye, mtoto wa nne wa kike, hajawahi kushika kamba ya ng'ombe aliye wake. Alikiri kosa lake bila kuzunguka. Lakini akauliza: daftari la Yoeli lingeweza kujaa malalamiko mpaka kesho kutwa, na Mzee angeendelea na arobaini zake kwa siku, ni nani aliyeufungua mlango wenyewe? Jumatatu ile jarida lilipohama, lilifuatwa na programu yake asubuhi ileile.

Mzee Njiku alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu, na alisema angependa kurudi kwao na kitu chenye uhai, watu wasiseme Njiku alikwenda kuhesabu karatasi. Kisha akasema kwamba ile makala ya mtandaoni ilitaja ugonjwa tu, dawa ilikuwa kwenye jarida la rafuni. Lile jarida lilikuwa limefutwa, na likarudi kwa kadi ambayo yeye aliambiwa aichome. "Kanuni ya jarida moja rekodi moja ilileta msiba, najua," akasema. "Lakini hizo kadi nazo ni zangu."

Bi Foibe hakulala vizuri mpaka Jumamosi. Kila jina alilolitamka peke yake lilikuwa sahihi, na kila akilitamka aliona meza ya nyuma ikiwa na viti viwili vitupu. Na alijua jambo moja jingine lililomchoma: daftari alitaka kulirudisha, programu aliiharakisha, kadi aliziandikia barua. Watatu wale walifanikiwa yeye akiwazibia njia, naye ndiye anayeambiwa awapime.

Jumamosi watu wakajaa. Mkaa ukawashwa chini ya mlingoti, chuma cha chapa kikawekwa motoni mpaka kikawa chekundu. Yoeli alisimama na daftari lake kwapani. Sikitu alisimama mikono nyuma. Mzee Njiku alivua miwani. Mtamba akanyoosha shingo, akalamba mkono wa shati la Mzee Njiku, na watu wakaguna. Msianze, alikuwa anatafuta chumvi ya jasho tu. Baadaye akageuka akalamba na daftari la Yoeli. Sikitu akasogea, akamkuna chini ya sikio, na mtamba akafumba macho.

Mzee Gidahasi akakinyanyua chuma, akamtazama Bi Foibe, akauliza jina. Bi Foibe akawatazama watatu wake. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na hakuna aliyeinamisha uso.

Mimi nafika hapa nasimama, maana kamba nimechoka kuishika. Shika wewe. Na wewe wa mlangoni, usijifanye hukuingia. Mzee Gidahasi anauliza mara ya pili, na chuma kinapoa. Je, unamtaja nani? Na ukishamtaja, Jumatatu saa nne, ile chai utamnywesha nani?